Tairi Lililoitwa Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Novemba 2024. Shinyanga mjini

Nimeanza kazi leo. Dereva wa majaribio kwenye mradi wa chanjo, miezi mitatu, mpaka tarehe 31 Januari. Boaz, dereva wa gari la pili, aliponiona naingia yadini aliniuliza kama nimeleta vitafunwa. Nikamwambia nimeleta leseni. Akacheka mpaka akakaa chini, na nadhani tutaelewana.

Daftari hili ni la mwanangu Eliya, la mwaka jana, alitumia kurasa sita tu. Nyuma lina jedwali la kuzidisha.

Mwenye neno la mwisho juu yangu ni Mzee Ndaki, msimamizi wa magari. Ameendesha miaka thelathini, sasa ana benchi lake chini ya bati la gereji na hakuna anayelikalia. Siku ya mwisho ndiye atajaza fomu yangu, na mstari wa chini kabisa una maneno mawili ya kuchagua: aajiriwe au asiajiriwe. Nimeendesha Noah za watu miaka saba, Ibadakuli uwanja wa ndege na kurudi, kila siku nikiomba mwenye gari asiamke vibaya. Naitaka kazi hii kuliko kitu chochote.

Mzee alinionyesha Landikruza yangu. Injini aliipa dakika mbili. Tairi la spea, lile linaloning'inia mlango wa nyuma, alilipa nusu saa. Alivua turubai alilolishonea mwenyewe, akasogea pembeni ili nione vizuri.

"Gari limekuja mwaka 2012," akasema. "Hili halijagusa ardhi hata siku moja."

Kweli, meno yote yapo, jeusi linang'aa. Boaz alininong'oneza baadaye kwamba yadi nzima wanaliita Mama Mkwe, kwa sababu hakuna mtu anayelisogelea bila kuitwa.

Alhamisi, 7 Novemba

Kishapu na kurudi. Mvua ya dakika tano, vumbi la saa nane.

Jumamosi, 9 Novemba

Kumbe Mama Mkwe ana saluni yake. Kila Jumamosi saa nne asubuhi Mzee Ndaki analishusha, analifuta, kisha anatoa chupa ya soda yenye mafuta ya pamba na kulipaka kwa kitambaa, polepole, pande zote mbili.

"Mpira ni ngozi," alinieleza. "Ngozi bila mafuta inapauka."

Nikaitikia kwa kichwa. Boaz naye akaitikia. Huku kwetu mafuta ya pamba ndiyo yanakaanga mboga, yanapaka miguu ya watoto na kulainisha bawaba za mlango. Hakuna aliyeona ajabu yoyote.

Alhamisi, 14 Novemba

Mvua yenyewe imefika. Nimepita tope la mbuga nyuma ya Mhunze bila kukwama, huku lori la pamba limelala kando na dereva wake ananiangalia kwa mdomo wazi. Sista Agnetha, muuguzi ninayemwendesha, amesema, "Mama Eliya, wewe unaendesha kama unapeta mchele." Nimelala na furaha.

Jumamosi, 23 Novemba

Leo Mzee aliniita nimshikie Mama Mkwe wakati wa mafuta. Boaz akanipa pole kwa macho.

Nikiwa nimelishika, jua likilipiga ubavuni, niliona nyufa. Nyembamba sana, zimelizunguka tairi karibu na rimu. Mzee alikuwa anapaka juu yake na mafuta yanazijaza, zinapotea. Kisha nikaona kile kidude chenye tarakimu nne, 2312. Mwalimu wetu wa kozi ya udereva alitusomesha hizo tarakimu mpaka tukaota: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Wiki ya ishirini na tatu, mwaka 2012. Alituambia tairi likipita miaka sita likaguliwe kwa jicho kali hata kama halijatumika, na likipita kumi litupwe, kwa sababu mpira unazeeka hata ukilala.

"Zuri, eh?" Mzee akaniuliza.

Huyu ndiye mwenye fomu yangu. "Zuri sana, Mzee," nikasema.

Jumapili, 24 Novemba

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa najitetea kichwani. Mimi ni mgeni wa wiki tatu, yeye ana miaka thelathini. Mimi mwanamke, tena wa kwanza, nikianza kukosoa watasema nimekuja na mdomo. Na zaidi ya yote, spea ni spea, pengine haitahitajika.

Hoja zote nzuri. Mbona basi sijisikii vizuri?

Jumamosi, 30 Novemba

Nilijipanga tangu asubuhi. "Mzee, lile tairi..." nikaanza. Akainua uso akitabasamu, kitambaa mkononi. Nikamalizia, "...linapendeza na turubai jipya." Turubai halikuwa jipya.

Jumamosi, 7 Desemba

Mvua. Mafuta. Nimenyamaza.

Jumamosi, 14 Desemba

Mzee alikwenda msibani, nikapata nafasi ya kupima upepo wa Mama Mkwe kwa geji. Nusu ya unaotakiwa! Mzee hupima kwa kubonyeza na kidole gumba. Nimelijazia kimyakimya, nikalifunika, nikajiambia wajibu wangu umekwisha. Sista Agnetha aliniona, akaniuliza nafanya nini. Nikasema napangusa vumbi, kwenye mvua.

Jumatano, 25 Desemba

Pilau kwa mama, Ibadakuli. Eliya amewaambia watoto wa mtaa wote kwamba mama yake anaendesha gari lenye pua juu. Maana yake bomba la kupumulia. Sikumsahihisha.

Jumamosi, 28 Desemba

Jumamosi ya sita. Nimeshika, yeye amepaka. Sasa nimeanza kumchukia kidogo, na najua si haki, maana hajanikosea kitu. Nadhani ni rahisi kumchukia mtu kuliko kumwambia neno.

Jumanne, 7 Januari 2025. Kambi ya wachimbaji, upande wa Geita

Naandika nimekaa juu ya mfuko wa mawe ya dhahabu. Mwenye mfuko amenihakikishia ni mawe tu mpaka yasagwe.

Tumelala Kahama jana, tukatoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda kambi wanayoiita Namba Tano, ambako tangu rashi ya mwaka jana, dhahabu ilipoonekana, wamejaa watu na hakuna zahanati karibu. Akina mama walikuwa wameitwa tangu juzi. Boksi la chanjo nyuma, Sista Agnetha pembeni yangu anaimba. Barabara imelainika lakini inapitika.

Saa tatu kasoro nikasikia kishindo, tairi la nyuma kulia. Kipande cha nondo kimezama kama msumari. Sikuogopa pancha. Nimebadilisha matairi mvuani na gizani, na mara moja nikiwa nimevaa sare ya kitchen party. Niliogopa kugeuka kutazama mlango wa nyuma.

Nikalishusha. Sista akashika spana. "Leo Mama Mkwe anagusa ardhi," akasema kwa furaha, "nimpigie picha Mzee." Nikamwomba asipige.

Nilikwenda mwendo wa thelathini. Ng'ombe walitupita, sisemi uongo, ndama alitupita. Sista akaniuliza kama naumwa. Kilomita ya kwanza, ya tano, ya kumi. Nikaanza kufikiri mwalimu wetu alitia chumvi. Kilomita ya kumi na tatu ukasikika mlio kama wa gunia linalopasuka, gari likainama, nikalishika usukani kwa nguvu zangu zote mpaka likasimama ukingoni. Nikashuka. Ubavu wa Mama Mkwe umefunguka pande zote kama samaki aliyepasuliwa. Meno yake bado mazuri kabisa.

"Si lilikuwa jipya?" Sista akauliza.

"Lina miaka kumi na miwili." Kisha nikasema lililobaki, kwa sababu sikuwa na pa kulificha. "Nilijua."

Yule mtu anayeimba njia nzima hakuwa na wimbo. "Barafu ya chanjo ina saa nne," akasema. "Tutaongea baadaye." Akasimamisha bodaboda, akapakata boksi kama mtoto, akaondoka kwenye manyunyu. Nikabaki na matairi mawili mabovu na aibu yangu. Nililia, ndiyo. Nilimfikiria kila mama aliyekaa Namba Tano na mtoto mgongoni, nikajiuliza ingekuwaje kama nyuma tungekuwa na mgonjwa badala ya boksi.

Wakashuka wachimbaji wanne kutoka kwenye duara lao, lile shimo wanalochimba, weupe kwa vumbi kama wameangukia unga.

"Mwadila, mayu," mkubwa wao akanisalimia Kisukuma. "Gari lako limepiga magoti."

"Linaomba msamaha," nikasema.

Wakacheka, na nikajikuta nacheka nao. Wakampigia simu fundi pancha wa kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, wakaanza kuinua gari. Jeki ikazama kwenye tope. Tukaiweka upya, ikazama tena. Basi mmoja akarudi shimoni na matimba mawili, yale magogo wanayoshikizia kuta za duara zisiporomoke, akayalaza chini ya jeki. Gari likapanda vizuri. Nikawauliza kama kuta zao hazitaporomoka. "Haya ni ya akiba," akanijibu. "Shimoni huwezi kukaa bila akiba, na unaigonga kila asubuhi usikie kama imeoza."

Fundi akafika na pikipiki, anaitwa Mayala, mnene, mtaratibu. Alichomoa nondo, akaliziba tairi la kwanza kwa kamba ya kuzibia, akalijaza upepo, akalimwagia maji ya sabuni kuona kama linavuja. Dakika ishirini. Kisha akamgeukia marehemu. Akainama, akanusa. Akanusa tena.

"Hili tairi mmelikaanga?"

"Mafuta ya pamba," nikakiri. "Kila Jumamosi."

Wachimbaji walianguka chini kwa kicheko. Mayala peke yake hakucheka. "Mafuta ya kupikia yanakula mpira, dada. Tairi linataka sabuni na maji tu, na kivuli. Aliyefanya hivi alilipenda sana." Akanifungia mabaki kwenye gunia.

Hilo la mafuta sikulijua. Miaka tu ndiyo niliijua.

Nimefika Namba Tano saa tisa. Sista amechanja watoto themanini na mmoja juu ya meza ya muuza chipsi. Barafu ilikuwa bado haijayeyuka alipomaliza. Amenipa chai, kisha akasema, "Ukiandika ripoti, andika yote. Na kosa lako pia."

Jumatano, 8 Januari. Shinyanga

Tumerudi. Mzee Ndaki alikuja moja kwa moja nyuma ya gari, akatazama mlango mtupu.

"Yuko wapi?" akauliza. Hakusema "liko". Ningeweza kucheka siku nyingine.

Nikafungua gunia. Aliligusa lile tairi kwa ncha za vidole. "Ulikuwa unakimbia," akasema.

"Thelathini, Mzee. Muulize Sista."

"Ulikuwa unakimbia. Nitaandika hivyo kwenye fomu yako."

Nikapandwa na hasira mpaka masikio yakaziba. Nimekwenda nyumbani bila kuaga.

Alhamisi, 9 Januari

Ripoti ya kwanza niliiandika kwa kalamu nyekundu, imemchana Mzee tangu mstari wa kwanza: tairi limezeeka, limekaangwa, halikupimwa. Kila neno ni la kweli. Nilipoisoma kwa sauti, mama alikuwa anachambua mchicha, akauliza, "Na wewe siku zote hizo ulikuwa wapi?" Nimeichana.

Ijumaa, 10 Januari

Mratibu wetu, Mama Euphrasia, ametuita ofisini mimi, Sista na Mzee, akaniambia nisome mwenyewe. Nikasoma yote: mafuta, tarakimu nne, upepo. Na mwisho: "Mimi, Violeth, niliziona nyufa na tarakimu hizo siku arobaini na tano kabla ya safari. Sikumwambia mtu yeyote, kwa sababu niliogopa kukosa kazi."

Mzee Ndaki akaniuliza swali moja tu. "Uliona tarehe ngapi?"

"Ishirini na tatu Novemba, Mzee. Uliponiita nikushikie."

Akainuka, akachukua kofia yake, akatoka. Basi, nimekwisha. Mama Euphrasia amesema fomu bado ni ya Mzee, yeye haingilii.

Jumatatu, 13 Januari

"Shikamoo, Mzee." Hakuitikia.

Jumanne, 14 Januari

"Shikamoo, Mzee." Hakuitikia. Boaz amenihesabia, anasema hajawahi kuona mtu ananyimwa marahaba mara mbili mfululizo na akabaki mzima.

Jumatano, 15 Januari

Hakuitikia. Mvua kutwa.

Alhamisi, 16 Januari

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa kwenye benchi! Boaz alidondosha kikombe.

Alinisimulia mwaka wa mvua zile kubwa, 1998. Alikuwa anampeleka mama mjamzito Kolandoto hospitali kutoka ndani huko Kishapu. Pancha. Spea ilikuwa kipara, ikapasuka naye njiani. Mtoto alizaliwa kwenye tope, akapona. Mama hakupona.

"Nikaapa gari langu litakuwa na spea mpya siku zote," akasema, anatazama mikono yake. "Nikaitunza hii mpya. Sijawahi kujua kwamba ilikuwa inazeeka nikiitazama." Kisha: "Siku tatu hizi nilikuwa na aibu, ng'wanawane, mwanangu. Si hasira. Salamu yako ilikuwa inanishinda kuipokea."

Na mimi nilidhani ni kiburi. Tangu Novemba nilikuwa namsoma mtu huyu kichwa chini miguu juu. Nilimwambia samahani, na nililia tena, naona mwaka huu nimeanza vibaya kwa machozi.

Jumamosi, 18 Januari

Leo hakukuwa na chupa ya soda. Mzee amenunua miwani ya kusomea, amewaamuru madereva wote washushe spea, magari saba, zikapangwa uani. Akawa anapita na miwani puani, anasoma kila moja na kuliuliza, "Wewe umezaliwa lini?" Manne yamekutwa wazee. Moja lilikuwa dogo kuliko wenzake wanne garini, la Boaz. Mzee akanisimamisha mbele niwaeleze kwa nini hilo ni baya: gari la kuvuta magurudumu yote likivaa kiatu kimoja kidogo, gia za chini zinagombana mpaka zinalika.

Mchana tukaenda dukani mimi naye kuchagua letu. Muuzaji akatutolea moja linalong'aa, limetoka kusuguliwa. Mzee akainama, akalinusa. Akasoma tarakimu. "Huyu ni mzee mwenzangu," akasema, "mrudishe kulala." Tukataka kipimo kilekile cha manne ya chini, aina ileile, la mwaka jana, na tukalipata nyuma kabisa ya duka lenye vumbi na buibui. Tumekubaliana: upepo kila Jumatatu kwa geji, tena wa kuzidi kidogo; sabuni na maji; turubai dhidi ya jua; na kila baada ya kilomita elfu kumi spea ishuke ifanye kazi, lingine lipande kupumzika. Boaz anataka tulipe jina. Mzee amekataa katakata.

Alhamisi, 23 Januari

Kishapu. Tope mpaka mlangoni. Salama.

Jumatano, 29 Januari

Sijalala vizuri. Kesho kutwa fomu. Mzee ni mwema kwangu sasa, lakini wema wake na ukweli wake ni vitu viwili, na mimi niliyofanya niliyafanya.

Ijumaa, 31 Januari

Saa nane mchana ameniita kwenye benchi. Fomu ilikuwa juu ya goti lake, imejazwa kwa mwandiko wa kulala, ila pale pa sahihi patupu.

"Soma kabla sijasaini," akasema. "Kama kuna kosa, sema."

Nikasoma. Uendeshaji: mzuri sana. Matengenezo: anajua kuliko sisi. Kasoro zilizoonekana: "Aliona hatari akanyamaza siku arobaini na nne, kwa kumwogopa msimamizi. Msimamizi naye ana kasoro ya kuogopwa, anaishughulikia." Mapendekezo: aajiriwe.

Aajiriwe! Ningemrudishia karatasi pale pale, asaini, nikimbie kumpigia mama. Mzee alikuwa ameshafungua kalamu, ananitazama juu ya miwani.

"Lipo kosa, Mzee," nikasema. "Si siku arobaini na nne. Ni arobaini na tano."

Akahesabu kwa vidole, Novemba, Desemba, mpaka tarehe saba Januari, akarudia mara mbili, midomo inacheza. Kisha akakata ile nne, akaandika tano juu yake, na akasaini.